Aliyempa Maji Mekatilili

Waswahili tuna mithali tuipendayo sana: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaisema harusini, tunaisema barazani, na tunaisema msikitini anapoingia mtu tusiyemjua akasimama nasi safu moja. Lakini ni mara chache tumejiuliza habari za mgeni wa namna nyingine, yule asiyekuja kwa hiari yake, aliyeletwa na askari akatupwa mahali asipojua lugha wala jamaa, ili umbali uwe ndio kifungo chake. Je, huyo naye ni mgeni? Na mwenyeji wake, ana haki ya kushukuriwa na nani?

Swali hili, msomaji mpenzi, sikulitunga mimi. Niliulizwa na mzee mmoja wa Asumbi, kule Nyanza ya Kusini, kati ya Rongo na Homa Bay, nilipokwenda kumzuru mwaka jana. Na kwa kuwa sikuwa na jibu la kumpa, nimeona nilete swali lenyewe hapa ukurasani, tulichukue sote.

Mzee huyo alikuwa mwalimu wangu. Asubuhi nilipokuwa nikitoka kwetu kwenda skuli, na alasiri nikirudi chuoni kusoma Kurani, yeye ndiye aliyenikuta katikati na kunifundisha ngeli za Kiswahili. Najua jambo hili litawachekesha wengine, Mjaluo kumfundisha Mswahili lugha yake mwenyewe, lakini ndivyo ilivyokuwa, na sioni haya kulisema. Shairi langu la kwanza ni yeye aliyenisimamisha mbele ya darasa nilisome. Mizani ilikuwa imepotea beti mbili, akanionyesha kwa vidole vyake mezani, taratibu, bila ya kunifedhehesha. Kama leo watu huniita mshairi, basi mkono wake umo.

Mwalimu huyu aliishi ng'ambo ya Likoni miaka mingi, akanunua kiwanja kidogo, akapanda minazi mitatu. Watoto wake walikuwa wakisema "sivyo" na "hebu" kama wetu. Ikaja ile Agosti ya 1997. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, nyumba zikatiwa moto, na watu wa bara wakaambiwa waondoke waende kwao. Watu zaidi ya mia moja wakauawa katika wiki zilizofuata, na maelfu kwa maelfu wakakimbia. Wengi walijikusanya kanisani Likoni, na mwalimu wangu alikuwemo na familia yake.

Nami nilijua kuwa yumo. Siku mbili nilivuka feri kwa shughuli zangu, nikapita karibu na ua wa kanisa lile, nikageuza uso. Nilijiambia nitapita jioni, na jioni nikajiambia nitapita kesho. Kesho yake nikasikia amekwisha kupanda basi kwenda kwao na mifuko miwili. Hayo ndiyo makosa yangu, nami sitafuti wa kumtwisha.

Basi, baada ya miaka hiyo yote, nilipofika Asumbi nilikuwa nimejitayarisha kwa lawama. Sikuipata. Nilipata maji ya kunawa, kiti chini ya mti, na kuku aliyekuwa akinisubiri angali hai, maana mwalimu alikuwa amekwisha kumwita Muislamu mmoja kutoka Homa Bay aje amchinje, asije mgeni wake akala kwa wasiwasi. Ikumbukwe kwamba Waislamu si haba pande zile. Kendu Bay pana msikiti wa miaka mingi, na Wajaluo wanaoswali ndani yake hawakungoja sisi twende tukawahesabu.

Tulipokwisha kula, mwalimu akaniambia, "Mwanangu, nasikia Malindi mmemjengea Mekatilili sanamu."

Nikamwambia ni kweli, lipo.

"Mmefanya vyema. Lakini nataka kukuuliza. Alipotoroka huku kwetu akarudi kwenu kwa miguu, njiani maji alipewa na nani?"

Wasomaji wengi wanalijua jina la Mekatilili wa Menza, na vijana wameliona katika vitabu vya skuli, lakini habari zake hukatwa pale pale penye jambo lenyewe. Kwa hiyo na tuzitazame tena.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Mnyazi wa Menza, na Mekatilili maana yake ni mama yake Katilili, kama ilivyo desturi ya Wagiriama. Alikuwa mjane, mtu mzima aliyekwisha kula chumvi nyingi, wakati serikali ya Kiingereza ilipoanza kuwabana Wagiriama kwa nguvu. Mwaka 1912 aliwekwa huko ofisa mmoja, Arthur Champion, naye alitaka mambo mawili makubwa: kodi ya nyumba, na vijana wa kwenda kufanya kazi mbali na kwao, katika mashamba ya walowezi na ujenzi wa Mombasa. Jambo la tatu likawa linakuja nyuma yake, nalo ni kuwaondoa Wagiriama katika ardhi yao nzuri ya kaskazini ya mto Sabaki.

Mekatilili hakuwa na cheo cha serikali. Silaha yake ilikuwa ngoma ya kifudu, ngoma ya mazishi, ambayo aliicheza toka kijiji hata kijiji mpaka watu wakakusanyika, ndipo akasema nao. Wazee na wanawake wakaenda kwenye Kaya Fungo wakala viapo, cha wanawake kikiitwa mukushekushe na cha wanaume kikiitwa fisi, kwamba hapana atakayempa mzungu kodi wala kijana. Yasimuliwa kuwa katika mkutano wa Agosti 1913 alimjia Champion na kuku mwenye vifaranga, akamwambia achukue kifaranga kimoja aone. Mzungu akanyosha mkono, kuku akamdonoa. "Na sisi," akasema mama yule, "ndivyo tutakavyofanya ukitaka watoto wetu." Masimulizi yanasema Champion alimpiga kuku yule risasi.

Oktoba 1913 Mekatilili akakamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakahukumiwa kuhamishwa kwa miaka mitano. Wako wanaotaja Mumias, lakini masimulizi ya utoro wake yanataja Kisii, makao makuu ya wilaya iliyokuwa ikiitwa Kavirondo ya Kusini, ambayo Asumbi ilikuwa ndani yake.

Kwa nini mbali namna ile? Mombasa palikuwa na jela. Jela ya Mombasa ingalikuwa na kuta, na kuta hupitisha habari. Watu wangekuja na chakula, wakarudi na maneno. Serikali ilitaka kumtenga mama yule na masikio ya watu wake, nayo ilijua kwamba sauti ya mtu haina nguvu mahali ambapo lugha yake haisikiki. Mkuu wa jimbo letu la pwani zama hizo, Charles Hobley, alikuwa amefanya kazi Kavirondo miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Aliujua umbali huo kwa miguu yake mwenyewe.

Wala hii haikuwa hila mpya. Waingereza waliwafanyia hivyo watu wao wenyewe. Tangu 1788 mpaka 1868 walisafirisha wafungwa wapatao 160,000 kwenda Australia kwa merikebu, safari ya miezi, na karibu 25,000 kati yao walikuwa wanawake. Wengi wa wanawake hao makosa yao yalikuwa wizi mdogo mdogo, kitambaa, kijiko, nguo ya tajiri. Kifungo kilikuwa na miaka yake, lakini bahari haikuwa na miaka. Aliyemaliza kifungo alibaki kule, kwa kuwa nauli ya kurudi hana.

Huku kwetu mtindo ulikuwa ule ule. Kabalega na Mwanga walipelekwa Shelisheli. Sayyid Khalid bin Barghash alipelekwa Saint Helena na kisha Shelisheli kabla ya kuruhusiwa kuja kufia Mombasa mwaka 1927. Harry Thuku alipelekwa Kismayu mwaka 1922. Hao ni wanaume, na majina yao twayajua. Wanawake tunawasahau. Huko Kigezi, Uganda, alikuwako Muhumusa, mganga mkubwa wa Nyabingi. Wadachi walimweka kizuizini Bukoba, kisha mwaka 1911 Waingereza wakamkamata na kumpeleka Kampala, na huko akakaa mpaka alipofariki mwaka 1945. Miaka thelathini na minne mwanamke mmoja alitazama vilima visivyokuwa vyake, kwa kuwa watu walikuwa wakimsikiliza.

Na pwani yetu, wasomaji wangu, haikuwa mahali pa kutolewa watu tu, bali palikuwa pia pa kutupiwa watu. Baadhi ya viongozi wa dini ya Mumbo, iliyoanza Nyanza mwaka 1913 na kuenea mpaka huko huko Kisii, walihamishwa wakaletwa Lamu. Wakati wa vita vya Mau Mau, kisiwa cha Manda kilikuwa na kambi ya mahabusu, na Hola, ukingoni mwa Tana, ndiko walikopigwa mpaka kufa mahabusu kumi na mmoja mwaka 1959. Kisii ilipelekewa watu wa pwani, na pwani ikaletewa watu wa Kisii. Mtawala aliona nchi nzima kama nyumba ya vyumba viwili, akimfungia mtu wa huku kule na wa kule huku, kwa kutumaini kwamba wenyeji watamwogopa mgeni na mgeni atawaogopa wenyeji.

Lakini kwa Mekatilili tumaini hilo halikutimia. Januari 1914, kabla hajatimiza miezi minne tangu kukamatwa, yeye na Wanje walitoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Leo basi la usiku hulala njiani kwa safari hiyo, na abiria hushuka miguu imevimba. Mama yule alipita nchi ya baridi ya Kisii, akapita nyika za wafugaji, mito bila ya madaraja, na mbuga zenye simba. Akafika, akaendelea pale alipoachia. Agosti 1914 alikamatwa tena, mwezi ule ule Waingereza walipoilipua Kaya Fungo kwa baruti na vita vya Wagiriama vikapamba moto. Alihamishwa mara ya pili, asirudi mpaka 1919, na hata hapo akaenda kukaa kayani akaongoza baraza la wanawake.

Sasa turudi kwa swali la mwalimu wangu. Tunapomsimulia Mekatilili, tunasema "alitembea" kana kwamba kutembea peke yake kunatosha. Mtu hatembei majuma kwa majuma bila ya kula. Hakuwa na fedha, hakuwa na lugha ya nchi zile, na nyuma yake kulikuwa na serikali inayomtafuta. Kila kibuyu alichokunywa kilitoka katika nyumba ya mtu. Kila usiku aliolala pasipo kukamatwa ni kwa kuwa mtu fulani alimwona akanyamaza. Huenda walikuwa Wakisii, waliokuwa wangali na makovu ya 1908, mwaka ambao Moraa, mama mganga wa kwao, alimtia moyo kijana Otenyo akamchoma mkuki ofisa Northcote, na kijiji baada ya kijiji kikatiwa moto kwa ajili hiyo. Huenda walikuwa Wajaluo, Wakipsigis, Wamaasai au Wakamba. Majina yao hayakuandikwa katika buku lolote, kwa kuwa mwenye kumpa mtoro maji hasaini.

Sisi tuliosoma chuoni tunalo jina la mtu wa namna ya Mekatilili. Ni ibn sabili, mwana wa njia, naye ametajwa miongoni mwa watu wanane wenye haki katika zaka. Tunajua pia habari ya Bi Hajara, aliyeachwa na kitoto chake katika bonde lisilo na mmea wala maji, na kila mwaka mahujaji hukimbia pale alipokimbia. Dini yetu imeyafanya mahangaiko ya mwanamke mmoja ugenini kuwa nguzo katika ibada kubwa. Watu wale wa bara hawakuwa wamesoma hayo, lakini walitenda.

Na sisi wa miji ya mwambao, tulitenda nini? Hapa naomba radhi, kwani najua maneno haya hayatamfurahisha kila mtu. Mwaka 1913 watu wa miji yetu tuliwaita Wagiriama na ndugu zao "Wanyika," neno lililomaanisha washenzi wa porini. Maliwali na mamudiri wetu walikuwa wakipokea mishahara kwa serikali ile ile. Yasimuliwa hata kwamba Mwarandu, nduguye Mekatilili, alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa wala hakuonekana tena, na tusijifanye hatujui mashamba ya Malindi na Takaungu yaliyolimwa na watumwa yalikuwa ya nani. Mama yule alipokuwa akipelekwa bara, sisi tulikuwa na lugha yake, tulikuwa majirani zake, na wengi wetu tuligeuza uso. Nilipofika hapo katika kumjibu mwalimu wangu nikanyamaza, kwani niliuona ule ua wa kanisa la Likoni.

Leo neno "Mnyika" limekufa, alhamdulillahi, na Mekatilili ni mama yetu sote. Lakini nafasi ya neno lile hatukuiacha wazi. Tumeweka "mbara." Tunalisema kwa mtu aliyezaliwa Kisauni, na baba yake akazaliwa Kisauni. Na uchaguzi unapokaribia, neno hilo hutiwa makali na watu ambao wao wenyewe wana nyumba Nairobi.

Nisieleweke vibaya. Madai ya watu wa pwani juu ya ardhi ni ya kweli. Maskwota wapo waliokalia ardhi ya babu zao kwa wasiwasi, na mwenye hati anakaa mbali hata hawajawahi kumwona. Mekatilili mwenyewe alihamishwa kwa ajili ya jambo hilo, na mtu anayetuambia tulisahau anatutania. Ila yeye aliijua tofauti ambayo sisi tunaipoteza. Aliposimama mkutanoni alimwelekea mwenye kutoa amri. Hakuchukua shoka kwenda kwa mwalimu mwenye minazi mitatu. Aliyetunyang'anya ardhi hakulala kanisani Likoni na watoto wake juu ya sakafu.

Basi tufanye nini? Naona mambo mawili yaliyo katika uwezo wetu. La kwanza, tunapowasomesha watoto habari za Mekatilili, skulini na madrasani, tuwasomeshe njia nzima, kwenda na kurudi, wajue kwamba shujaa wa pwani alifikishwa kwao na mikono ya watu wa bara. Wakati wazee wa Magiriama na wazee wa Kisii na Nyanza wangaliko, vijana wetu wenye vinasa sauti waende wakawasikilize, pande zote mbili, kabla ya makaburi kuwatangulia. La pili ni dogo, halihitaji fedha wala kamati. Tuliache lile neno. Mtu akikaa nasi miaka thelathini, akatuzikia wazee wetu na akatufundishia watoto wetu, tumwite kwa jina lake.

Siku ya kuondoka Asumbi, mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani, fimbo mkononi. Nilimwomba radhi kwa yale ya 1997. Akanitazama kitambo, kisha akaniuliza kama ile minazi yake bado inazaa. Nilimwambia sijui, nitakwenda kutazama. Nimekwenda. Miwili imeanguka, mmoja unazaa, na aliyekaa pale sasa alinikaribisha nikanywa dafu. Nimempelekea mwalimu habari hiyo kwa barua, na chini yake nikamwandikia ubeti huu, ambao mizani yake nimeihesabu kwa vidole, mezani, kama alivyonifundisha:

Hakuzuiwa na mito, wala kiza cha usiku,
Alikanyaga kokoto, pasi kuhesabu siku,
Kapewa maji na moto, akafika kwao huku,
Wema wao ni mzito, deni letu hata leo.